Kipoza oili kikivuja: kazi ambayo mwenye gari Tanga anaweza kuifanya mwenyewe, na pale anapotakiwa kusimama

Canter imepakia machungwa Muheza, imeshaipita Segera kuelekea Chalinze, mara mshale wa temperecha unaanza kupanda. Dereva anasimama, anasubiri injini ipoe, anafungua tangi la maji na kukuta utando mzito wa rangi ya maziwa. Wengi husema palepale: "Hedi imekwenda."

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Dalili hiyo inaweza kuletwa na kifaa kidogo zaidi: kipoza oili, ambacho mafundi hukiita oili kula. Kufungua silinda hedi ni kazi kubwa na ya gharama. Kubadili kipoza, kwa magari mengi ya dizeli, ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye spana na subira.

Kinafanya kazi gani?

Oili hulainisha injini na pia hubeba joto. Kwenye injini nyingi za dizeli, zikiwemo za Canter, kipoza ni sahani nyembamba za chuma zilizokaa ubavuni mwa injini, nyuma ya kifuniko kilicho karibu na filta. Oili hupita ndani ya sahani, maji ya rejeta hupita nje, na joto huhamia kwenye maji.

Aina ya pili hupozwa kwa upepo. Hukaa mbele, karibu na rejeta, na huunganishwa na injini kwa mipira miwili. Hii ndiyo rahisi zaidi kubadili.

Si kila gari lina kipoza, na kwenye mengine kimefichwa chini ya manifoldi. Kabla ya kununua spea yoyote, mwenye gari ahakikishe lake lina aina gani.

Kwa nini huku Pwani?

Adui mkubwa ni maji. Madereva wengi hujaza rejeta kwa maji yoyote yaliyo karibu. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, na chumvi hula chuma polepole kutoka ndani. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu. Maji matupu hayana.

Vipoza vya mbele vina shida yao: matope, mawe madogo na hewa ya chumvi. Gari linaloshinda ufukweni Pangani likibeba samaki huoza viungo vya mipira kabla ya wakati.

Ni hedi au ni kipoza?

Injini ikiwaka, presha ya oili huwa kubwa kuliko ya maji. Kipoza kikitoboka, oili ndiyo hukimbilia kwenye maji. Injini ikizimwa, presha ya oili hushuka mpaka sifuri lakini maji ya moto bado yana presha, kwa hiyo maji kidogo yanaweza kurudi kwenye oili.

Gasketi ya hedi ikiungua, mara nyingi huja na dalili za ziada: mapovu yasiyokatika kwenye rejeta injini ikiwaka, moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, au silinda moja kukosa nguvu. Kukiwa na oili kwenye maji bila mapovu wala moshi, kipoza ndicho cha kushukiwa kwanza.

Kama oili inadondoka nje tu, injini isafishwe vizuri, iwashwe kwa dakika 15, kisha itazamwe kwa tochi. Mara nyingi kipoza ni kizima na kilichochoka ni gasketi au oringi, spea ya bei ndogo kabisa.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Injini ipoe kabisa. Terminali hasi ya betri ifunguliwe. Boliti zenye kutu zipuliziwe dawa ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi.

2. Maji ya rejeta yakingwe kwenye beseni, na oili kwenye beseni lingine. Filta itolewe.

3. Boliti za kifuniko zilegezwe kidogokidogo, kwa zamu. Mara nyingi urefu wake hutofautiana, kwa hiyo kila moja ichomekwe kwenye boksi lililochorwa umbo la kifuniko. Boliti ndefu ikiingia tundu fupi, inaweza kupasua bloku.

4. Kifuniko kikigoma, kigongwe taratibu kwa nyundo ya mpira. Kukichokonoa kwa bisibisi kunakwaruza uso wake, na mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha upya.

5. Kipoza kikitoka, kipimwe. Tundu moja lizibwe, kizamishwe kwenye ndoo ya maji, kisha upepo mdogo wa kompresa uingizwe kwenye tundu la pili. Mapovu yakitoka kwenye sahani, kipoza kimekwisha. Yasipotoka, gasketi na oringi mpya huenda zikatosha.

6. Mabaki ya gasketi ya zamani yaondolewe yote, huku matundu ya oili yakizibwa kwa kitambaa safi ili uchafu usiingie. Gasketi na oringi ziwe mpya. Silikoni isipakwe ovyo: ikizidi, vipande vyake hukatika na kuziba njia za oili.

7. Boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. "Kaza mpaka mwisho" ndiyo inayovunja boliti.

Kabla ya kuwasha

Oili iwe mpya na filta iwe mpya. Kisha injini izuiwe kuwaka, kwa mfano kwa kuchomoa waya wa kuruhusu dizeli, na starta izungushwe sekunde 10 mara mbili au tatu, ikipumzishwa katikati, mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imefika kwenye beringi.

Mfumo wa maji ulioingia oili lazima usafishwe. Maji yenye sabuni kidogo isiyo na povu jingi yazungushwe injini ikiwa inawaka, yamwagwe, na zoezi lirudiwe mpaka yatoke masafi. Mipira iliyovimba au kulainika kwa oili ibadilishwe. Mwisho ijazwe kulanti, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, na hewa itolewe.

Wapi pa kuokoa, wapi si pa kuokoa

Kinachookolewa hapa ni gharama ya ufundi, si ya spea. Anayenunua kipoza cha mtumba akipime kwenye ndoo kabla ya kulipa. Anayerudisha oili ya zamani iliyochanganyika na maji ajue anaua beringi, na injini ikinoki, akiba yote imekwenda na maji.

Dawa za kumwaga kwenye rejeta ili kuziba tundu nazo si njia. Zinaweza kuziba vijia vya rejeta, na gari likaanza kuchemsha kwa sababu nyingine.

Kuna mahali pa kusimama na kumwita fundi: oili kwenye kijiti imekuwa nyeupe kama uji, injini inagonga, au gari lilichemsha sana na kuzima lenyewe. Hapo huenda madhara yameshafika ndani zaidi, na kubadili kipoza peke yake hakutasaidia.

Oili chafu iende wapi?

Isimwagwe mtaroni. Mvua ikinyesha, vya mtaroni vya Ngamiani na Chumbageni huishia baharini, kwenye mikoko na mazalia ya samaki. Bahari hiyo ndiyo yenye Hifadhi ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009 kumlinda samaki wa kale asiyeonekana kwa urahisi duniani. Oili iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko na ipelekwe gereji au kituo kinachokusanya oili chafu.

Baada ya hapo, kwa wiki ya kwanza, kijiti cha oili na tangi la maji vitazamwe kila asubuhi kabla ya safari. Maji yakibaki masafi na oili isipopungua, kazi imekubali.