Mzigo wa Mchanga na Maji

Wajukuu zangu! Sogeeni hapa, upepo wa Makambako hauna adabu.

Mnajua kisima hakikai vilevile mwaka mzima. Mwezi wa nne maji yako juu. Mvua zikikatika yanashuka, na ikifika Oktoba kamba ya ndoo inaungwa kipande kingine. Sasa niambieni: maji yakishaondoka, ardhi ya juu inashikiliwa na nini?

Kule chini hakuna ziwa. Penye mchanga kuna chembe tu, na maji yamejaa katikati yake. Uzito wote wa juu unabebwa na wawili hao. Ni kama vijana wawili waliobeba lumbesa ya viazi: mmoja akilegeza mkono, mzigo haupungui hata kidogo, unamwelemea mwenzake. Pampu ikivuta maji, mchanga ndio huelemewa. Chembe zinabanana, ardhi inashuka kidogo. Maji yakirudi, mchanga hujinyoosha karibu kama ulivyokuwa.

Balaa liko kwenye udongo wa mfinyanzi uliolala katikati ya mchanga. Huo huachia maji polepole, miaka na miaka, na ukishabanwa haurudi tena.

Kule California, bonde la San Joaquin, wakulima walivuta maji miaka mingi. Mwaka 1977 mtaalamu Joseph Poland alipigwa picha kando ya nguzo yenye vibao vya miaka. Kibao cha 1925 kiko juu kabisa, karibu mita 9 kutoka alipokanyaga. Huko ndiko ardhi ilikokuwa! Na jijini Mexico, mnara wa Malaika wa Uhuru, uliozinduliwa 1910, umeongezewa ngazi 14, maana barabara imezama na mnara umebaki.

"Babu, na Njombe yetu itazama?"

Si kwa namna hiyo. Chini yetu ni miamba migumu ya kale. Maji mengi yamo kwenye nyufa na kwenye mwamba uliolegea, na huo haubanwi kirahisi. Mimi wasiwasi wangu ni vinyungu, bustani zetu za bondeni. Ule udongo mweusi wa bondeni, wa majani yaliyooza, ukiuchimbia mifereji mirefu ukakauka, unasinyaa. Chomekeni mti mrefu mpaka ugote chini kwenye udongo mgumu, mchore alama usawa wa shamba, kisha mrudi kuupima baada ya misimu kadhaa.