Vidonge vya mafua na kumbukumbu ya wazee: mambo ambayo panya walionyesha

Kuna dawa zinazouzwa kila siku katika farmasi za mitaa yetu, bila karatasi ya muganga, ambazo zinaweza kuvuruga uwezo wa mtu kukumbuka jambo alilofanya dakika chache zilizopita. Prometazini, inayojulikana sana kwa jina la Phenergan, na klorfeniramini ya mafua ni kati yazo. Majaribio juu ya panya yamesaidia kuelewa namna dawa za aina hiyo zinavyogusa ubongo.

Wataalamu wanazungumzia kumbukumbu ya kazi. Mama muuza sambaza anaitumia kila saa: mteja ametoa noti ya franga 10 000, amechukua mafungu matatu, anangoja chenji. Mama anashika hesabu hiyo kichwani, anaimaliza, kisha anaiacha na kuanza ya mteja mwingine.

Njia 8, chakula kidogo

Mwaka 1976, David Olton na Robert Samuelson wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitengeneza uwanja ulioinuliwa, wenye njia 8 zinazotoka katikati. Mwishoni mwa kila njia waliweka chakula kidogo. Panya aliyerudi kwenye njia aliyokwisha kumaliza hakupata kitu. Panya waliozoea walichagua vizuri: katika safari 8 za kwanza, waliingia kwa wastani njia zaidi ya 7 tofauti. Ili kuhakikisha kwamba hawafuati harufu yao wenyewe, watafiti walimwaga humo marashi ya kupaka baada ya kunyoa ndevu. Panya waliendelea kufaulu.

Ufunguo na kufuli

Seli za ubongo hupeana habari kwa kemikali. Moja inaitwa asetilkolini. Ni kama ufunguo, na vipokezi vilivyo juu ya seli ni kufuli zake. Skopolamini, inayopatikana katika mmea wa datura, inaingia katika kufuli bila kuifungua, na ufunguo wa kweli unakosa nafasi. Panya waliopewa dawa hiyo walianza kurudi kwenye njia walizokwisha kumaliza.

Labda walisumbuliwa tu na mdomo mkavu? Watafiti walitumia pia metili-skopolamini, ambayo inakausha mdomo lakini haiingii vizuri katika ubongo. Hiyo haikuharibu kumbukumbu kwa kiasi kilekile. Shida ilikuwa ndani ya ubongo.

Kwa binadamu, David Drachman na Janet Leavitt walionyesha mwaka 1974 kwamba vijana waliopewa skopolamini walifanya majaribio ya kumbukumbu karibu kama wazee. Matokeo ya aina hiyo yalisaidia kufungua njia kwa dawa kama donepezili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, ambayo inazuia asetilkolini isivunjwe haraka. Inasaidia baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer, lakini haiwaponyi.

Kuongeza si kufaulu

Mwanafunzi anayetafuta kidonge cha akili kabla ya mtihani asikilize hili. Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichochea kupita kiasi vipokezi vya dopamini katika sehemu ya mbele ya ubongo wa panya. Kumbukumbu ya kazi ilipungua. Dopamini ikikosekana ni shida. Ikizidi pia ni shida.

Nyumbani kwetu

Prometazini na klorfeniramini zinafunga kufuli zilezile za asetilkolini. Mwili wa mzee unachelewa kutoa dawa, na akimeza mbili ao tatu za aina hiyo, nguvu zao zinajumlishwa. Chama cha waganga wa wazee cha Marekani kinashauri wazee wasizitumie.

Bibi akianza ghafla kuuliza swali lilelile, jamaa wengine husema ni uzee, na wengine hutaja hata uchawi. Kabla ya kufika huko, mutazame kwanza mfuko wake wa dawa. Mdomo mkavu, choo kigumu, shida ya kukojoa pamoja na kuchanganyikiwa ni dalili za kuchukuliwa kwa uzito. Muandike dawa zote anazomeza, za farmasi na za miti, na muzipeleke kwa muganga. Lakini dawa iliyoandikwa na muganga isikatwe bila yeye kujua.