Upweke, Ukiwa na Faragha: Usomaji wa Kistoiki katika Mazingira ya Izimbya, Kagera

Makala hii inachunguza thamani ya upweke kwa mujibu wa falsafa ya Ustoiki, kwa kuzingatia hali ya wazee wa Izimbya na vijiji vingine vya Bukoba na Muleba. Mkoa wa Kagera ulipitia vita vya 1978–1979, kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania wakatambuliwa humo. Wazee wengi waliwazika watoto wao kibanjani, palepale penye migomba wanayoipalilia, wakabaki kulea wajukuu ambao baadhi yao nao wamehamia mijini. Swali la msingi ni hili: je, kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba upweke una thamani ni kumfariji au ni kumdhihaki?

Kiswahili chenyewe kinatoa mwanzo wa jibu. Faragha ni kujitenga kwa hiari. Upweke ni kuwa peke yako. Ukiwa ni kuachwa bila msaada. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na baadaye kufundisha Nicopolis, aliutenga ukiwa na upweke: aliye peke yake si lazima awe mkiwa, na mtu aweza kuwa mkiwa katikati ya umati. Kwa hiyo mtu hana budi kujizoeza kuzungumza na nafsi yake na kutoshekana nayo.

Zoezi hilo si jepesi. Seneca, aliyekuwa uhamishoni Corsica kuanzia mwaka 41 hadi 49 B.K., alimwandikia mama yake, Helvia, kwamba uhamisho haumwondolei mtu wema wake. Hata hivyo, kutoka kisiwa hichohicho alimwandikia Polybius, mtumishi wa Kaisari, kwa sifa nyingi akitamani kurejeshwa. Nyaraka hizo mbili, zikisomwa pamoja, zaonyesha kwamba upweke wa kulazimishwa huwaelemea hata wanaoufundisha.

Pingamizi kubwa ni kwamba fundisho hili laweza kuwapa jamaa kisingizio cha kuwatelekeza wazee. Pingamizi hilo halisimami, kwa kuwa Wastoiki walimhesabu binadamu kuwa kiumbe wa jamii, na kumtunza mzazi kuwa wajibu. Kilicho katika uwezo wa mzee ni namna ya kuupokea upweke wake. Ukimya wa wanawe haumo katika uwezo huo. Makala inahitimisha kwamba upweke ni shule ya mzee, ilhali ukiwa wake ni deni la jamaa zake.