Mgao wa maji Bujumbura: Serikali ipange, isinyime

UKISIMAMA kando ya Ziwa Tanganyika jijini Bujumbura, milima ya Uvira inaonekana ng'ambo na katikati ni maji matupu. Mwaka 2024 maji hayo yalipanda hadi yakaingia bandarini na kuwafukuza watu majumbani mwao huko Gatumba. Hata hivyo, katika jiji hilohilo si ajabu kukuta foleni ya madumu ya manjano mbele ya bomba lisilotoa hata tone.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo serikali nyingi duniani zinajiuliza: je, ni haki kumwekea mwananchi mpaka wa maji anayotumia?

Wapo wanaosema maji ni ya Mungu na hakuna wa kuyazuia. Wengine wanasema bila mkono wa serikali, mwenye nguvu atachota yote na mnyonge atabaki na ndoo tupu. Mgala muue na haki yake umpe: kila upande una hoja. Lakini kwa Bujumbura, ni vizuri kwanza kujua kinachopungua ni nini.

Ziwa halikauki, bomba ndilo linalokauka

Ziwa Tanganyika lina kilomita za ujazo zipatazo 18,900 za maji, karibu sehemu moja kati ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi duniani, ukiacha barafu. Piga hesabu kidogo. Watu milioni moja wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku, mwaka mzima, wangeteremsha kina cha ziwa hilo kwa milimita moja tu hivi.

Kwa hiyo mama wa Kamenge au Buyenzi anayejaza madumu mawili zaidi halimalizi ziwa. Tatizo liko njiani. Regideso, shirika la umma la maji na umeme, huvuta maji ziwani, huyasafisha, kisha huyasukuma kwa pampu hadi mitaani. Umeme ukikatika, pampu zinasimama. Jiji limepanuka, na mabomba yaliyolazwa kwa ajili ya watu wachache leo yanatakiwa kuhudumia wengi.

Matokeo yake ni mgao usio na jina. Hakuna aliyetangaza kwamba mtaa fulani utapata lita kadhaa, lakini bomba linajifunga lenyewe. Mwenye tangi kubwa na pampu yake hahisi kitu. Asiye na tangi ananunua dumu kwa muuza maji wa baiskeli, na bei hupanda siku ambayo shida imezidi. Hicho nacho ni kizuizi, tena kibaya kuliko vyote, kwa sababu anayepunguziwa ni yule asiye na fedha.

Somo la kambini

Wale waliorudi kutoka Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, hasa tangu safari za kurudi kwa hiari zilipoanza Septemba 2017, wanaufahamu mgao kuliko waziri yeyote. Kambini, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hulenga kumpatia kila mtu lita 20 kwa siku. Ni kidogo. Lakini kiwango kinajulikana, na mtu anaweza kudai anapopewa pungufu. Mrejeaji anayefika Bujumbura akakuta bomba lisilo na saa wala siku hana pa kudai.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, anayevuka Gatumba kwenda Uvira au Kobero kwenda Kabanga, jambo hili si la nyumbani pekee. Mboga zinahitaji kuoshwa, na chakula cha mama lishe kinahitaji maji safi. Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na jiji la Bujumbura lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa. Kipindupindu hakina pasipoti. Kinavuka mpaka pamoja na mizigo na wenye mizigo.

Wenzetu walifanyaje

Mwaka 2018 jiji la Cape Town, Afrika Kusini, lilikaribia kufunga mabomba baada ya ukame wa miaka mitatu. Kuanzia Februari Mosi mwaka huo kila mkazi aliruhusiwa lita 50 tu kwa siku, na waliozidisha walilipishwa zaidi. Matumizi yalishuka hadi chini ya nusu ya yale ya mwaka 2015, na jiji likaokoka. Hata hivyo, matajiri wengi walichimba visima vyao na kuendelea na maisha.

Dar es Salaam nayo, mwishoni mwa mwaka 2022, ilitangaza mgao baada ya Mto Ruvu kupungua. Wananchi walilalamika, lakini walikuwa na ratiba ya kulalamikia.

Kabla ya hapo, sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 ilikwisha kuweka maji ya matumizi ya nyumbani mbele ya mengine. Anayetaka kuchota mengi kwa ajili ya shamba kubwa au kiwanda lazima apate kibali cha bodi ya bonde.

Nini kifanyike?

Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kuwa maji safi ni haki ya binadamu. Haki hiyo haiizuii serikali kupanga. Inaidai ianze na mnyonge: kila kaya ipate maji yake ya kunywa, kupika na kuoga, ndipo wenye matumizi makubwa wabanwe.

Na kama ni kuzuia, Bujumbura ina cha kuzuia. Kuchota hakuliharibu ziwa, kulichafua ndiko kunakoliharibu. Taka zinazoshuka na Mto Ntahangwa na majitaka yasiyosafishwa huishia katika ziwa lilelile ambalo Regideso huvuta maji ya kunywa. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika kuwa eneo la hifadhi. Mpaka huo ungelindwa bila kuangalia sura ya mtu, usingemnyima yeyote dumu lake.

Pampu na mabomba mapya yatahitaji fedha na muda. Ratiba haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Kama maji ya Kinama yatatoka Jumanne usiku, redio iseme hivyo, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, ili mama ajue alale au akeshe.