Ramani ya Magari ya Deraya na Ukomo wa Magurudumu: Uluguru na Mto Mgeta, 1916–1917

Makala haya yanafafanua namna ya kuisoma ramani ya kijeshi ya kikosi cha magari ya deraya, kwa kurejelea vita vya Waingereza na Wajerumani katika milima ya Uluguru. Hoja ya msingi ni kwamba ramani ya aina hiyo hueleza mambo mawili: mahali ambapo gari liliweza kufika na, kwa ukimya wake, mahali ambapo mzigo ulibebwa na binadamu.

Gari la deraya aina ya Rolls-Royce, lililotumiwa na Waingereza katika Afrika Mashariki, lilikuwa na uzito wa tani zipatazo 4 na bunduki ya rashasha ndani ya kibanda cha chuma kinachozunguka. Gari hilo halikujitegemea. Lilifuatwa na malori ya petroli, maji na risasi, pamoja na karakana ya matengenezo. Kwa hiyo, ramani iliyolifaa ilipaswa kuonyesha vivuko, madaraja, miinuko na aina ya udongo. Katika nyika ya Salaita, karibu na Taveta, magari ya deraya yalishiriki katika shambulio la tarehe 12 Februari 1916. Milimani hali ilikuwa tofauti.

Baada ya Morogoro kutwaliwa tarehe 26 Agosti 1916, Jenerali Smuts aliyapitisha majeshi yake pande zote mbili za Uluguru. Upande wa mashariki, barabara ilibidi ichongwe kwenye mwamba. Upande wa magharibi, ambako Mto Mgeta huanzia, Jenerali Brits alikuta njia isiyopitika kwa magurudumu; mizinga na magari ya mizigo yalirudishwa Morogoro. Alipoishambulia Kisaki tarehe 7 Septemba bila mizinga hiyo, alirudishwa nyuma. Ukosefu wa barabara, basi, uliathiri moja kwa moja matokeo ya mapigano.

Baadaye Mto Mgeta, katika sehemu yake ya chini kusini mwa milima, ukawa mstari wa mbele hadi Smuts alipoanza mashambulizi mapya tarehe 1 Januari 1917. Katika miezi hiyo malaria iliwadhoofisha askari, mbung'o waliua farasi, na mvua iligeuza barabara kuwa tope. Chakula na risasi viliendelea kusafirishwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi chao.

Kutokana na maelezo hayo, ramani ya magari haipaswi kusomwa kama picha kamili ya vita. Mahali alama za magari zinapokoma, safari ya jeshi haikukoma; msomaji hana budi kuuliza ni nani aliyeupokea mzigo.