Mbunge Akija Kijijini, Tumwulize Nini?



Vikao vya Bunge vikimalizika kule Dodoma, wabunge hurudi majimboni kwao. Siku moja gari linapita kijijini na kipaza sauti: "Kesho saa nane mchana, uwanja wa shule! Mheshimiwa Mbunge atazungumza na wananchi! Njooni wote!"

Basi tunaacha majembe mapema, tunakwenda. Ngoma zinalia, tunasikiliza, tunapiga makofi. Jioni tukirudi nyumbani, mgonjwa aliyebaki anauliza, "Kasemaje?" Hapo ndipo tunapobabaika. "Aa, kasema mengi. Kasema zahanati yetu itamalizwa." Lini? Kwa fedha ipi? Hatujui.

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima tusikubali mambo yaende hivyo. Leo tueleze mbunge anapokuja anatuletea nini, maneno yake yana maana gani, na sisi tumwulize nini.

MBUNGE ANA KAZI GANI?

Wengi wetu hudhani mbunge ndiye anayejenga barabara na kuchimba visima. Sivyo. Mbunge si mkandarasi, wala hana ufunguo wa sanduku la fedha za Serikali.

Katiba yetu, ibara ya 63, inaeleza kazi za Bunge. Bunge huwauliza mawaziri maswali. Bunge hujadili mipango na bajeti ya Serikali. Bunge hutunga sheria. Kwa hiyo mbunge ni mdomo wetu na jicho letu. Anasema shida zetu mbele ya Serikali, tena anaangalia kama Serikali imefanya iliyoahidi.

Watu wa Katavi tunalijua jambo hili kwa karibu. Mheshimiwa Mizengo Pinda, mtu wa huku kwetu, alikuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 2008 hadi 2015. Kazi yake moja ilikuwa kusimama Bungeni siku ya Alhamisi na kujibu maswali ya papo kwa papo ya wabunge. Lakini naye alikuwa na jimbo lake, na wapiga kura wake wa kuwarudia. Hakuna mbunge aliye mkubwa kuliko wale waliomtuma.

Ipo fedha moja ambayo mbunge ana mkono ndani yake. Ni ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake. Fedha hiyo si nyingi, na si mali yake. Ni ya kuongeza nguvu pale wananchi walipokwisha kuanza kazi, kwa mfano kununua bati au saruji. Ni haki yetu kuuliza: "Mwaka huu mfuko umepata shilingi ngapi, na zimekwenda vijiji gani?"

MANENO YA MKUTANONI NA MAANA YAKE

Tuchukue mfano. Tuseme kijijini kwetu tulifyatua matofali, tukabeba mchanga na mawe, tukasimamisha boma la zahanati mpaka kwenye linta. Kisha nguvu zikatuishia. Boma halina bati. Mvua mbili zimelinyeshea, kuta zinaanza kumomonyoka. Mama akishikwa na uchungu usiku, bado anapakiwa kwenye pikipiki kwenda mbali. Jambo hili si la mchezo. Ni uhai wa mama na mtoto.

Mzee mmoja anasimama mkutanoni, anauliza, "Mheshimiwa, boma letu limefikia wapi?" Anajibiwa, "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi, fedha zimetengwa." Uwanja mzima unapiga makofi!

Tusipige makofi haraka. Maneno haya yana ngazi zake, kama ngazi ya kupandia dari. Tuzitazame moja moja.

"Mchakato unaendelea." Maana yake jambo bado liko kwenye karatasi za ofisini. Tuulize: liko ofisi gani, na hatua gani?

"Upembuzi yakinifu unafanyika." Maana yake wataalamu wanapima kama kazi inawezekana, itagharimu kiasi gani, na italeta faida gani. Baada ya hapo huja usanifu, yaani kuchora ramani na kupiga hesabu. Hapa hakuna saruji wala greda bado.

"Fedha zimetengwa." Maana yake kiasi kimeandikwa kwenye bajeti. Ni kama mkulima anaposema mwezi wa Januari, "Nikivuna, magunia mawili ni ya sare za watoto." Amepanga vizuri. Lakini mahindi bado yako shambani, na mvua anaijua Mungu.

"Fedha zimetolewa." Maana yake fedha imetumwa kutoka Hazina. Tuulize: imeingia akaunti gani, tarehe ngapi, shilingi ngapi? Hapa sasa mahindi yako ghalani.

"Mkandarasi amepatikana." Maana yake mkataba upo. Tuulize: kazi inaanza lini na inakwisha lini?

Basi tuseme baada ya yule mzee, mama mmoja ananyosha mkono. "Mheshimiwa, tunashukuru. Hizo fedha zimetengwa kwenye bajeti ya mwaka gani? Na je, zimeshafika halmashauri, ama bado?" Huyo mama hakumvunjia mtu heshima. Lakini swali lake lina uzito kuliko makofi yetu sote.

Barabara ya lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda inatufundisha jambo hili. Ni zaidi ya kilometa 340. Wengi tunakumbuka masika ya zamani, magari yalivyokwama kwenye matope na watu wakategemea treni. Lami ile haikuja kwa hotuba moja. Yalikuwepo maombi, upimaji, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, wakandarasi wa vipande mbalimbali, kisha miaka ya kazi. Ilifunguliwa mwaka 2022. Kazi kubwa huchukua muda, hilo tulikubali. Lakini muda nao una hesabu yake, na hesabu huulizwa.

SHERIA MPYA NAZO TUZIULIZE

Mbunge haji kusema habari za majengo tu. Anatakiwa pia atueleze sheria zinazotungwa, maana zinatugusa.

Tazama habari ya bima ya afya. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifikishwa Bungeni mwaka 2022. Muswada ni sheria ambayo haijapitishwa bado. Huo haukupita moja kwa moja. Ulirudishwa ukafanyiwa kazi zaidi, na Bunge likaupitisha Novemba 2023. Muswada ukishapita Bungeni, hauwi sheria mpaka Rais atie saini.

Tunaona nini hapo? Kati ya muswada kufikishwa na kupitishwa upo muda. Huo ndio wakati wa sisi kusema. Sheria ikishapita, maswali yetu hubadilika: kaya moja inalipa kiasi gani? Asiye na uwezo anasaidiwaje? Nikiwa na kadi, dawa nitazikuta zahanati, ama nitaambiwa nikanunue duka la dawa?

KILA SHIDA INA MLANGO WAKE

Mara nyingine tunapoteza mwaka mzima tukibisha hodi mlango usio wetu. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za vijijini na za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Maji ya vijijini ni RUWASA, iliyoanza mwaka 2019. Umeme wa vijijini ni REA pamoja na TANESCO. Zahanati na shule za msingi ni halmashauri, na huko msemaji wetu ni diwani. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani, kwa hiyo anaweza kutusukumia jambo pale pia.

Yapo mambo ambayo mlango wake ni sisi wenyewe. Vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika vinapata fedha za hewa ya ukaa kwa kutunza misitu yao ya milima ya Ntakata. Matumizi ya fedha kama hizo yaulizwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kila mwanakijiji mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Tusingoje mbunge aje kutuulizia mapato na matumizi ya kijiji chetu!

Tena tuangalie majira. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Kikao cha Bunge cha bajeti huanza Aprili. Lakini halmashauri huandaa bajeti zao kabla ya hapo, kwa kawaida Januari na Februari. Kwa hiyo ombi la bati za zahanati likipelekwa mwezi wa Mei limechelewa, kama mtu anayepanda mahindi wenzake wakivuna. Tuliamue kwenye mkutano wa kijiji mapema, liende kata, liende halmashauri. Nakala moja tumpe diwani, nyingine mbunge.

TUANDIKE

Kule Dodoma kila neno analosema mbunge huandikwa. Kitabu chake huitwa Hansadi. Waziri akiahidi, ahadi yake inabaki pale, na mwakani anaweza kusomewa. Je, kijijini kwetu ahadi zinabaki wapi? Zinapeperuka na upepo.

Basi tuwe na Hansadi yetu. Daftari la shilingi chache linatosha. Tuandike tarehe, swali, jina la aliyejibu, jibu lake, na siku aliyosema kazi itafanyika. Daftari likae kwa mtu anayeaminika, au kwenye ofisi ya kijiji. Mheshimiwa akija tena, mmoja wetu asimame kwa heshima aseme: "Mheshimiwa, karibu sana. Ulipokuja tarehe fulani ulituambia fedha zimetengwa. Leo tunaomba kujua zimefikia ngazi gani."

Mbunge mwema atafurahi, maana daftari hilo litampa nguvu ya kwenda kumbana waziri. Asiyependa kuulizwa, basi tumemjua.

Haki ya kuuliza ni ya kila raia: aliyempigia kura na asiyempigia, mwanachama na asiye mwanachama. Ndugu zetu wa Katumba na Mishamo waliokabidhiwa vyeti vya uraia kuanzia mwaka 2014 wana haki hiyo hiyo. Katiba, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Msingi ukikaa kimya, nyumba itajengwa anavyotaka fundi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya fedha kutengwa na fedha kutolewa?
2. Mbunge alipokuja mara ya mwisho kwetu aliahidi nini? Nani aliandika?
3. Shida yetu kubwa kijijini ni ipi, na mlango wake ni upi?
4. Ombi letu la mwaka ujao liwe limefika halmashauri kabla ya mwezi gani?
5. Nani atatunza daftari letu?