Jibu Kabla Mgonjwa Hajainuka Kitini

Kisukari huharibu macho kimyakimya. Sukari ikikaa juu kwenye damu miaka mingi, mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hudhoofika na kuanza kuvuja. Mwenyewe hahisi kitu. Anashona, anasoma, anakwenda sokoni kama kawaida. Siku ukungu unapomtanda, huenda uoni uliopotea usirudi tena. Ndiyo maana mwenye kisukari hushauriwa apigwe picha ya retina kila mwaka hata akiwa anaona vizuri.

Ushauri huo ni mzito kwa mtu wa Dzaleka. Kambi hii ya wakimbizi, iliyopo wilayani Dowa nchini Malawi, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, nayo sasa ina zaidi ya watu 50,000, wengi wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kituo cha afya kipo. Bingwa wa macho ni wa kufuatwa Lilongwe, kama kilomita 40, na mkimbizi anahitaji kibali na nauli.

Hapo ndipo akili bandia inapoweza kufaa. Muuguzi hupiga picha, programu huisoma. Hakuna aliyeiandikia programu kanuni kwamba doa la damu lina umbo hili au lile. Huoneshwa picha ambazo madaktari wamekwisha kuzitolea uamuzi. Ikikosea, tarakimu zake za ndani husahihishwa kidogo, tena na tena, hadi ijifunze yenyewe kutambua mshipa uliovimba. Watafiti wa Google waliotoa matokeo yao mwaka 2016 walitumia picha 128,175 zilizopimwa na madaktari 54.

Je, kilichofunzwa mbali kinawajua watu wetu? Nchini Zambia, jirani wa Malawi, programu iliyofunzwa Singapore ilijaribiwa kwa picha za watu 1,574 wenye kisukari, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Ilibaini takriban macho 92 kati ya kila 100 yaliyostahili rufaa. Vilevile, kati ya kila macho 100 yasiyohitaji rufaa, kama 11 yalionekana kuihitaji. Mjini hiyo ni safari ya bure tu; Dzaleka ni kibali, nauli na siku nzima ya kazi iliyopotea. Kwa hiyo picha yenye shaka inapaswa kutumwa kwanza kwa daktari aliye Lilongwe, kabla ya kumtuma mtu mwenyewe.

Jaribio ninalolithamini zaidi lilifanyika Kigali, likiongozwa na Dkt. Ciku Mathenge. Waliopewa jibu la programu papo hapo walifika kwenye rufaa kwa asilimia 51.5, waliosubiri jibu la wasomaji wa picha kwa siku kadhaa, asilimia 39.6. Faida ilikuwa mgonjwa kuambiwa akiwa bado kitini, mbele ya mtu anayeweza kumjibu maswali. Na bado karibu nusu hawakufika.

Kamera nayo ina masharti yake. Mtoto wa jicho huziba picha, chumba chenye mwanga mwingi huibana mboni, na intaneti ikikatika programu inayotegemea mtandao hunyamaza. Kwa Dzaleka ningetaka programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe, muuguzi anayeeleza matokeo kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na, kabla ya kamera kununuliwa, makubaliano ya maandishi na hospitali ya Lilongwe kuhusu siku ya matibabu, kibali na usafiri.